Piye: Mkushi aliyeiteka Misri, akawa Farao, kisha akarudi kwao Napata (uzi mrefu)

#1 Kalamu ya Mto

Wakuu, habari za jioni.

Mada ya "Mafarao weusi" kila ikiletwa humu inaishia pabaya. Wapo wanaosema Misri yote ilikuwa yetu, wapo wanaosema Wakushi walikuwa watwana wa Misri tu, na ukifika ukurasa wa tatu watu wameshatukanana. Kinachoniuma ni kwamba mwenyewe tunayemgombania aliacha maneno yake. Alichongesha jiwe zima, mistari 159, akaeleza alichofanya, kwa nini alikifanya na nini kilimkera. Hatumuulizi.

Leo naomba tumuulize. Jina lake Piye. Vitabu vya zamani vimemwandika Piankhi, kwa sababu jina lake liliandikwa kwa alama ya Kimisri ya "ankh", yaani uhai; siku hizi wataalamu wengi wanalisoma Piye. Alikuwa mfalme wa Kushi, nchi iliyokuwa kaskazini ya Sudan ya leo, na mji wake ulikuwa Napata, chini ya mlima Jebel Barkal, jirani na mji wa sasa wa Karima. Karibu mwaka 727 KK aliteremka na mto Nile, akaiteka Misri mpaka delta, na wafalme wa huko wakaja kubusu ardhi mbele yake. Halafu akapakia meli zake akarudi nyumbani.

Hapo pa mwisho ndipo paliponifanya nifungue uzi huu. Mtu ameshika Memphis, ameshika Thebes, miji mikubwa kabisa ya Misri, hana wa kumzuia, na anageuza meli kurudi kusini. Kwa nini?

Jiwe lenyewe ni la matale, urefu wake karibu mita 1.8, na limeandikwa pande zote nne. Liligunduliwa mwaka 1862 na ofisa mmoja wa Misri kwenye magofu ya hekalu la Amun pale Jebel Barkal, likapelekwa Cairo, na huko ndiko liliko hadi leo.

Kabla ya vita, tuelewane kwanza kuhusu hali ilivyokuwa. Usidhani Piye aliikuta Misri ya Ramses. Ile ilishakatika vipande. Wakati huo palikuwa na wafalme wanne kwa mpigo, kila mmoja na nyoka wa kifalme kwenye paji la uso: Nimlot wa Hermopolis, Peftjauawybast wa Herakleopolis, Osorkon na Iuput huko delta. Chini yao machifu kibao. Wengi wa watawala hao wa kaskazini walikuwa wazao wa Walibya waliohamia Misri vizazi vingi nyuma, na machifu wao walikuwa bado wanabeba cheo cha "Chifu Mkuu wa Ma", kifupi cha Meshwesh, kabila la Kilibya. Kwa hiyo mtu akiuliza "mgeni nani hapa?", swali hilo si jepesi kama linavyoonekana.

Na Kushi nayo haikuwa nchi ngeni kwa Misri. Kuanzia karibu mwaka 1500 KK, enzi za Thutmose wa Kwanza, Kushi ilikuwa koloni kwa zaidi ya miaka 400. Ilikuwa na gavana mwenye cheo cha "Mwana wa Mfalme wa Kushi", dhahabu ilichimbwa ikapelekwa kaskazini, na watoto wa machifu walichukuliwa kwenda kulelewa ikulu ya Farao ili wakirudi wawe wanafikiri Kimisri. Kwenye maandishi ya Misri jina la Kushi huandamana mara nyingi na neno la dharau, Kushi dhalili. Chini ya Jebel Barkal wakajenga hekalu la mungu wao mkuu, Amun. Misri ilipodhoofika karibu mwaka 1070 KK, gavana akaondoka. Amun akabaki.

Miaka 300 na ushee baadaye, Wakushi wanatoka pale pale chini ya mlima ule, wakiwa na Amun yule yule, wanaelekea kaskazini. Kashta, mfalme aliyemtangulia Piye, alishakuwa na nguvu mpaka kusini ya Misri, na binti yake Amenirdis alipokewa Thebes kuwa mrithi wa cheo cha "Mke wa Mungu" wa Amun, mwanamke mwenye mamlaka kuliko wote mjini pale. Piye alipopata ufalme, Thebes ilikuwa tayari mkononi mwake.

Naendelea kidogo kidogo, msinikimbize.

#2 Ndege Mpole

Naweka kambi hapa. Shusha mkuu.

#3 Binti Sayore

Nina swali kabla hujaendelea. Sisi Wairaqw shuleni tuliambiwa ni Wakushi. Ina maana tunatokana na watu wa huyu Piye?

#4 Kalamu ya Mto

Dada Sayore, swali zuri na linachanganya wengi. Jina ni moja ila mambo ni mawili. Wataalamu wa lugha walichukua jina la Kushi kutoka kwenye Biblia, mwana wa Hamu, wakalibandika kwenye kundi la lugha kama Kisomali, Kioromo na hicho Kiiraqw chenu. Lakini lugha ya ufalme wa Kushi, tunayoifahamu zaidi kwa maandishi ya baadaye ya Meroe, mji wao mkuu wa baadaye, wataalamu wanaiweka karibu na Kinubi, kwenye kundi jingine kabisa. Kwa hiyo jina halitoshi kuwa ushahidi wa ukoo.

Twende vitani.

Kule Sais, magharibi ya delta, alitokea mtu anaitwa Tefnakht. Huyu hakutaka kuwa chifu mmoja kati ya wengi. Alimeza magharibi yote, akapanda na mto kuelekea kusini, miji ikawa inamfungulia milango, akafika Herakleopolis akaizingira. Peftjauawybast akafungiwa ndani. Habari zikapelekwa Napata, na jiwe linasema Piye alizisikiliza kwa moyo mkunjufu, akacheka. Hakuwa na haraka. Watu wake waliokuwa Misri wakamwandikia tena: unanyamaza mpaka lini? Kilichomtoa kitini ni habari kwamba Nimlot wa Hermopolis, aliyekuwa mtu wake, amehamia upande wa Tefnakht.

Akatuma jeshi. Na amri alizolipa jeshi hilo ndizo zilizonifanya nimpende mtu huyu. Aliwaambia wasivamie usiku kama watu wanaocheza bao, wapigane wanapoonekana. Wamtangazie adui vita kabla. Adui akisema anasubiri askari wake wengine, basi wamsubiri. Wakifika Thebes, mbele ya hekalu la Amun, waingie majini wajitakase, wavae kitani safi, walegeze pinde zao, wabusu ardhi, wasijisifu kuwa wana nguvu, maana hakuna mwenye nguvu bila Amun.

Tumezoea majigambo ya Mafarao kukanyaga vichwa vya watu. Hapa jemadari anaambiwa akaoge kwanza.

#5 Mlinzi wa Lango

Mkuu nakufuatilia, ila nina hoja nzito nakuwekea ukimaliza. Endelea.

#6 Kalamu ya Mto

Jeshi lilishinda, mtoni na nchi kavu, lakini likaacha mabaki ya adui yakatoroka kwenda kaskazini, na Nimlot akarudi kujifungia Hermopolis. Piye aliposikia hayo alikasirika kama chui. Akaapa kwamba atakuja mwenyewe, ila baada ya kumaliza sherehe za mwaka mpya na kumsindikiza Amun kwenye sikukuu yake ya Opet huko Thebes. Jeshi likaogopa, likaanza kuteka miji mfululizo ili kumridhisha. Likachukua Oxyrhynchus. Likachukua Tehne kwa gogo la kubomolea kuta, na humo akauawa mtoto wa Tefnakht. Kila wakimtumia habari, jiwe linarudia kwamba moyo wake haukuridhika.

Akaja. Akapiga hema kusini-magharibi ya Hermopolis. Wakajenga tuta la udongo mpaka usawa wa ukuta na mnara wa mbao, wapiga mishale na warusha mawe wakawa wanaua watu ndani kila siku. Siku zikapita. Mji ukaanza kunuka. Ndani wakaanza kutoa dhahabu na sanduku za nguo, hazikupokelewa. Mwishowe Nimlot akamtuma mkewe. Huyu mama hakwenda kwa Piye, alikwenda kwa wanawake wa Piye, wake zake, binti zake na dada zake, akalala kifudifudi mbele yao akaomba wamsemee.

Nimlot akatoka. Kwenye mchoro wa juu ya jiwe anaonekana amemshika farasi kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameshika manyanga ya hekaluni, na mkewe ametangulia. Wafalme wengine wamelala chini.

Piye akaingia mjini. Akaanzia hekaluni kwa Thoth, mungu wa mji huo, akachinja ng'ombe na ndege. Kisha akaingia ikulu ya Nimlot, akakagua vyumba vyote, hazina na maghala. Wakaletwa mbele yake wake na binti za Nimlot wamsalimu kama desturi ilivyo. Hakuwageuzia uso.

Akaenda kwenye banda la farasi. Akakuta wana-farasi wamekonda kwa njaa.

Hapo ndipo ulimi wake ukafunguka. Aliapa kwa Ra, mungu wa jua, na kwa pumzi ya pua yake kwamba moyo wake umeumia zaidi kwa farasi hao kuachwa na njaa kuliko kwa uovu mwingine wowote Nimlot aliotenda katika ukaidi wake. Mtu alimsaliti, akamponza vita nzima, na linalomchoma Piye ni matumbo ya farasi. Nimeisoma sehemu hii mara nyingi na bado inanisimamisha. Waandishi wa kifalme wa Misri hawana desturi ya kuandika hivi. Nadhani tunamsikia yeye mwenyewe.

#7 Ndege Mpole

Hii ya farasi imenigusa sana. Mfalme kwenda bandani?

#8 Kalamu ya Mto

Ndiyo mkuu. Na si maneno matupu. George Reisner, mwanaakiolojia Mmarekani, alipochimba makaburi ya wafalme wa Kushi ya El-Kurru, karibu na Jebel Barkal, mwaka 1918 na 1919, alikuta makaburi 24 ya farasi, wamepangwa safu nne, safu moja kwa kila mfalme. Farasi wa Piye walikuwa wanne. Walizikwa wamesimama, na mapambo yao.

Namalizia safari ya kaskazini kwa haraka. Peftjauawybast alikombolewa, akaja na farasi bora na kutamka kwamba alikuwa amezama gizani na sasa amepewa nuru. Miji ya njiani ikafungua milango. Memphis ikakataa. Piye aliwatumia ujumbe wasifunge: tazameni majimbo ya kusini, hakuna aliyeuawa isipokuwa waliomtukana Mungu kwa uasi wao. Wakafunga. Usiku Tefnakht akaingia kwa siri na askari 8,000, akawatia moyo kwamba maghala yamejaa nafaka na silaha zipo, kisha akapanda farasi akaondoka kwenda kaskazini, akiwaahidi kurudi.

Maji ya mto yalikuwa juu, yanagusa ukuta wa mashariki, na mashua za mji zimefungwa kamba kwenye nyumba. Washauri wakapendekeza matuta na minara kama Hermopolis. Piye akaona kitu kingine. Akatuma meli zake moja kwa moja bandarini, zikakamata kila mashua na kila chombo cha kuvushia, akavipanga ukutani, askari wakapanda juu yake wakaingia mjini. Memphis ilianguka kama kwa mafuriko ya mvua, ndivyo alivyosema. Wengi sana waliuawa, hilo tusilifiche. Kulipokucha akaweka walinzi kwenye mahekalu yote, na mji akautakasa kwa magadi na ubani.

Kisha Heliopolis. Huu ndio mji wa Oni kwenye Biblia, alikotoka Asenathi mke wa Yusufu. Kule akaoga kwenye ziwa takatifu, akanawa uso, akatoa ng'ombe weupe, maziwa, manemane na ubani. Akapanda ngazi peke yake, akavunja muhuri wa mlango, akafungua, akamwona Ra ndani ya chumba chake kitakatifu. Akafunga, akaweka muhuri wake mwenyewe, na kuwaambia makuhani asiingie mfalme mwingine.

Baada ya hapo machifu wote wa delta walikuja. Tefnakht hakuja. Alituma mjumbe kusema kwamba anakula mkate wa njaa na kunywa maji ya kiu, mifupa inamuuma, nguo zimechakaa, na kwamba anaogopa. Akaomba aletewe watu wa kumwapisha hekaluni. Piye akakubali, akamtumia kuhani na jemadari, Tefnakht akaapa.

Siku ya mwisho wakaja wale wafalme wanne wenye nyoka wa kifalme. Watatu wakazuiwa mlangoni. Sababu iliyoandikwa ni kwamba hawakutahiriwa na wanakula samaki, na hilo ni chukizo kwa nyumba ya mfalme. Nimlot peke yake akaingia, kwa kuwa alikuwa msafi na hali samaki.

Halafu meli zikapakiwa fedha, dhahabu, shaba, nguo na kila kitu cha kaskazini na cha Shamu, zikaelekea kusini, watu wakishangilia kingo zote mbili za mto.

#9 Mzee Kombo

Kijana wangu, nimesoma kwa utulivu. Hilo la tohara na samaki ni mila za Wakushi? Maana Wamaasai nao jadi yao hawali samaki.

#10 Kalamu ya Mto

Shikamoo mzee. Wamaasai tuwaache kando, sina cha kuwaunganisha nao. Ila kwa Misri jibu lipo: hiyo ilikuwa miiko ya makuhani wa Misri wenyewe. Herodotus, Mgiriki aliyetembelea Misri zaidi ya miaka 250 baadaye, aliandika kwamba makuhani hawakuruhusiwa kuonja samaki, na kwamba Wamisri walitahiri kwa ajili ya usafi. Mwananchi wa kawaida kando ya Nile alikula samaki kila siku.

Kwa hiyo Piye hakuwahukumu kwa mila za Napata. Aliwahukumu kwa kipimo cha hekalu la Misri, na wenye Misri wakashindwa. Hapo ndipo penye kiini cha uzi wangu. Alikwenda kule akijiona ndiye anayeijua na kuilinda njia ya Amun, na hao wenye mataji kule delta akiwaona wameiacha.

#11 Mlinzi wa Lango

Sasa nipewe nafasi.

Mkuu umeandika vizuri na nakuheshimu, lakini unachokisifia ndicho kinachonisikitisha. Soma tena ulichokiandika mwenyewe. Misri iliitawala Kushi miaka 400, ikachukua dhahabu, ikachukua watoto wa machifu kuwafundisha Kimisri, ikawaita dhalili. Halafu mjukuu wa watu hao anapata nguvu, na anafanya nini? Anakwenda kumtetea mungu wa mkoloni. Anaandika kwa maandishi ya mkoloni. Anawadharau watu kwa sababu hawafuati usafi wa mkoloni sawasawa. Sisi watu hao tunawajua. Babu zetu waliosomeshwa na wamisionari wakarudi vijijini kuwakataza ndugu zao ngoma, walisimama hapo hapo aliposimama Piye. Alishinda vita, lakini kichwani alishashindwa siku nyingi.

Na mkituambia "Farao mweusi" kwa fahari, mimi nauliza: fahari ya nini? Ya kumfanana aliyetutawala?

#12 Kalamu ya Mto

Mlinzi, umenipa kazi. Sitaki kukujibu juu juu.

Unachosema kina ukweli. Majina yake ya enzi yanakuunga mkono: alijiita Usermaatre, jina la Ramses wa Pili, na kuna wakati alitumia Menkheperre, jina la Thutmose wa Tatu. Thutmose wa Tatu ndiye aliyefika Jebel Barkal na kusimamisha pale jiwe lake la ushindi. Huenda Piye alikua akiliona jina hilo.

Lakini tazama alivyolitumia. Thutmose alikuwa na jina la kifalme lenye maana ya "Fahali mwenye nguvu, anayetokea Thebes". Piye akalichukua, akabadilisha neno moja: "Fahali mwenye nguvu, anayetokea Napata". Alishika kauli ya aliyewateka wazee wake, akatoa mji wa mteka, akaweka mji wake. Kwa Wakushi, Amun alikuwa anakaa ndani ya Jebel Barkal. Ule mlima una mnara wa mwamba umejitenga mbele yake, wao waliuona kama nyoka wa kifalme amesimama. Mtu anayeamini kwamba mungu anaishi nyuma ya nyumba yake hamwoni mungu huyo kama wa kuazima.

Lipo jiwe lake jingine, dogo, la mchanga, la mwanzoni mwa utawala. Humo anasema kwamba miungu huweka mfalme, watu huweka mfalme, lakini yeye aliwekwa na Amun, Amun wa Napata, aliyempa uwezo wa kumwambia mtu "wewe uwe mfalme" naye akawa, au "usiwe" naye asiwe. Ndiyo maana hakuwaondoa wale wafalme wanne. Wao walikuwa wafalme kwa idhini yake. Na ndiyo maana, kwa maoni yangu, aliweza kurudi nyumbani: kwake yeye kiti kilichokuwa kinatoa ufalme kilikuwa Napata. Memphis palikuwa mahali pa kwenda kutakasa.

Jambo la mwisho, na hili naliona zito kuliko yote. Piye alijengewa piramidi El-Kurru, baada ya wafalme wa Misri kuacha kujizika hivyo kwa karne nyingi. Chini yake chumba cha kaburi ni cha mtindo wa Misri, na vitu vya maziko vya Kimisri. Lakini katikati pana jukwaa la mawe lenye nafasi zilizokatwa kwenye pembe nne, za kuingiza miguu ya kitanda. Alilazwa juu ya kitanda. Hiyo si Misri. Hiyo ni Kerma, Wakushi wa zaidi ya miaka 700 kabla yake, kabla Misri haijawateka, waliowalaza wafu wao juu ya vitanda. Miaka yote ya ukoloni ilipita, na mtu anayeyajua maandiko ya Amun kuliko makuhani akalazwa kama walivyolala wazee wake.

#13 Mlinzi wa Lango

Hiyo ya kitanda sikuijua. Nakubali imenitikisa. Ila ya wafalme wanne hapana mkuu, hapo unamtetea. Kuwaacha madarakani kulikuwa kosa la kiutawala. Tefnakht si alijitangaza mfalme baadaye?

#14 Kalamu ya Mto

Ndiyo, alijitangaza kule Sais, na Bakenranef akamrithi. Kile kiapo hakikudumu. Ilibidi warithi wa Piye warudi kaskazini kwa nguvu, na safari hii Shabaka hakurudi nyumbani, alikaa Memphis. Wakaishika Misri yote mpaka Waashuri walipokuja. Esarhaddon aliichukua Memphis mwaka 671 KK wakati wa Taharqa, ambaye ndiye Tirhaka mfalme wa Kushi wa 2 Wafalme 19, na mwaka 663 KK Ashurbanipal akaipora Thebes, ile No-Amoni anayoitaja nabii Nahumu. Kwa hiyo kama hoja ni utawala, umenishinda. Ushindi wa Piye mwenyewe ulikuwa na tobo upande wa kaskazini tangu siku aliyoondoka.

#15 Mama Zawadi

Mimi mchango wangu ni mdogo. Mmepita haraka kwa yule mke wa Nimlot. Wanaume wametupiana mishale mji umenuka, dhahabu imekataliwa, na aliyefungua mlango ni mwanamke aliyekwenda kuongea na wanawake wenzake. Na mchongaji akamweka mbele ya mumewe. Hata sisi kwenye ugomvi wa koo, mambo yakishindikana barazani huwa yanamalizwa jikoni.

#16 Kalamu ya Mto

Mama Zawadi asante, umeona nilichokipita. Na hao wanawake wa Piye alikuja nao vitani, tena walikuwa na uwezo wa kumlainisha. Ukijumlisha na Amenirdis pale Thebes, unaona kwamba wanawake wa ukoo huo walikuwa na sehemu yao kwenye utawala.

#17 Ndege Mpole

Kwa nini shuleni hatukufundishwa haya? Tulisoma Misri, Nubia tukaiona kwenye mstari mmoja.

#18 Kalamu ya Mto

Sehemu ya lawama inakwenda kwa waliochimba. Reisner huyo huyo, aliyefanya kazi kubwa ya kuchimba na kurekodi El-Kurru, Nuri na Jebel Barkal, hakuamini kwamba Waafrika weusi wangeweza kujenga aliyokuwa anayafukua. Akaandika kwamba ukoo huo wa kifalme ulikuwa na asili ya Libya. Yaani alikuwa na makaburi yenyewe mkononi. Ilichukua miaka mingi mawazo hayo kuondoka, na kazi kama ya Charles Bonnet, mwanaakiolojia wa Uswisi, kule Kerma, aliyefukua mwaka 2003 sanamu saba za wafalme wa Kushi, zimesaidia sana watu kuitazama Kushi yenyewe.

#19 Msafiri wa Omdurman

Salaam alaykum ndugu zangu. Mimi huwa nasoma tu, ila leo nimeshindwa kunyamaza.

Nilikuwa mwanafunzi Khartoum mpaka vita ilipoanza Aprili 2023, tukahamishwa na wenzangu. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikwenda Karima kwa basi. Jebel Barkal si mrefu, karibu mita 100, tuliupanda jioni kutoka upande wenye mchanga, na juu unauona mto wote na mitende kingo zote mbili. Chini yake ndiyo hekalu la Amun, nguzo chache zimesimama, nyingi zimelala. Ule mnara wa mwamba Kalamu aliousema, jua likizama unageuka mwekundu, na kweli unaona nyoka.

Wasudani wenyewe hawa watu hawajawasahau. Kwenye maandamano ya 2019 vijana walikuwa wakiimba kwamba babu yao ni Taharqa na bibi yao ni Kandaka, cheo cha malkia wa Kushi. Siku hizi nikisoma jinsi jumba la makumbusho la taifa pale Khartoum lilivyoporwa wakati wa vita, nashindwa kumaliza habari. Nilikuwa nakwenda pale Ijumaa jioni.

#20 Kalamu ya Mto

Wa alaykum salaam ndugu yangu, pole sana, na tunashukuru uko salama. El-Kurru mlifika?

#21 Msafiri wa Omdurman

Tulifika. Si mbali na Karima. Kaburi linalofunguliwa kwa wageni ni la Tanwetamani, mfalme aliyemfuata Taharqa, unashuka ngazi, ndani kuna michoro ya rangi na dari imejaa nyota. La Piye lipo jirani, piramidi yake imeshabomoka yote, imebaki kama shimo na mawe.

Nilimuuliza mzee aliyetufungulia mlango kuhusu farasi, maana niliwahi kusoma juu yao. Akaninyoshea kidole kwenye uwanda ng'ambo ya makaburi. Nilikwenda mpaka pale. Ni changarawe na mchanga, hakuna alama yoyote. Nikakaa kidogo, wenzangu wakapiga honi, nikarudi garini.